Baba na Jina la Bibi Mrembo

Carna, Juni 1938

Kaka yangu mpenzi Cóilín,

Salamu nyingi zikufikie huko Boston, wewe na wifi. Sisi tu wazima, viazi vimechanua, na ile suti nyeusi ya msiba uliyotaka kushonesha, iache dukani.

Unajua kwamba tangu kiharusi cha Februari Baba hakuwa ametamka neno. Daktari alituambia tusitegemee tena. Majirani wakaanza kumsema mbele yake kama vile hayupo, na hilo liliniuma kuliko ugonjwa wenyewe.

Jumanne alifika bwana mmoja wa Dublin kwa baiskeli, anakusanya majina ya zamani ya wanyama. Nyumba ikajaa. Alipouliza habari za kicheche yule wa kwenye kuta za mawe, mwenye ncha nyeusi mkiani, wote wakawa mabubu. Si unakumbuka, tukikutana naye tunavua kofia na kumwamkia “Bibi Mrembo”. Ukimtaja kwa jina lake, atakutemea sumu kwenye maziwa. Nápla wa jirani akamwambia mgeni, “Uliza habari za punda, bwana. Punda hana kinyongo.”

Ndipo mimi nikalitaja. Nikasema easóg, kwa sauti, nikaongeza kwamba jina hilo na heshima zake zote tulifundishwa na askari wa Kiingereza. Nápla akafanya ishara ya msalaba, akanilaani mimi na ng'ombe wangu. Mgeni akashika kalamu aandike.

“Mwongo!”

Cóilín, alikuwa Baba! Neno lilitoka limepinda, lakini lilitoka. Akagonga fimbo, akasema, akilitafuta kila neno, kwamba jina lile ni letu tangu Mwingereza hajajua kujenga hata banda la nguruwe. Wazee walilificha moyoni ili mnyama mwenyewe asisikie akisengenywa, na nje wakampa la heshima, kwa kuwa mdogo mkali husifiwa, hachokozwi. Kisha akamgeukia mgeni: “Andika! Umekuja kulala?” Nápla alilia huku anacheka.

Sasa nikuungamie. Habari ya askari niliitunga mimi, na bwana yule ni mimi niliyemwandikia aje. Nilijua Baba anaweza kuvumilia kimya, ila uongo hauwezi. Lakini niliogopa, kaka, maana ng'ombe alikuwa karibu kuzaa.

Alizaa jana, ndama jike, na maziwa ni matamu. Leo asubuhi Bibi Mrembo alipita ukutani. Baba akavua kofia, akaniombea radhi: “Msamehe binti yangu, Bibi. Ni mwongo, lakini ni wangu.”

Msalimie wifi. Baba mwenyewe anasema uje na tumbaku.

Mdogo wako akupendaye,
Bairbre