Mukono Uliofunika Kicheko Chako

Feza, rafiki yangu,

Mbele ya salamu nikuambie ukweli: nina wivu. Ulikuwa unaniambia, "Mama Plamedi, hiyo wivu yako itakuua," kisha unacheka, umefunika mudomo na ncha ya kikwembe, ile nguo uliyojifunga. Sasa wewe njo ulitangulia. Wivu umebaki na mimi.

Mutoto wako Neema yuko muzima. Anakaa kwa mama yako. Meno yake ya mbele yalitoka, mapya yanaota. Plamedi wangu anatembea sasa, anashikilia ukuta na kugombana nao. Wewe ulimuacha hajui hata kukaa.

Wivu ni juu ya Solange, yule jirani yako aliyetoka Nyunzu, ukamupa nusu ya jiko lako la inje. Mimi na wewe tumejuana tangu tukiwa watoto wa kuchota maji ziwani. Yeye, miaka miwili tu. Lakini mama yako alipotaka video ya kuonyesha watu siku ya kuondoa matanga yako, aliita nani? Solange! Juu Solange anajua ile kazi. Anatengenezea watu video fupi za telefone na IA, ile akili ya mashine: unaipa picha, unaiandikia maneno, na picha inaanza kutembea. Mwenye mikate anamulipa, mwenye kusuka nywele anamulipa.

Alituonyesha kipande. Picha yako ya Pasaka ikaanza kucheka, mudomo wazi, meno yote kamili kama matangazo ya dawa ya meno. Watu wakalia. Mimi moyoni nikasema: huyu si Feza. Tangu jino lake la mbele livunjike, Feza hacheki bila kufunika mudomo. Na nani analijua lile jino kuliko mimi?

Basi nikaenda kwake. "Solange, dada, unifundishe na mimi, nipate kitu cha kulisha mutoto." Ilikuwa kweli nusu. Nusu ingine, nilitaka kumunyang'anya wewe.

Akanifundisha na moyo mweupe, na hiyo njo iliniuma zaidi. Kila asubuhi nilikuwa kwake, Plamedi mugongoni. "Usiiandikie tu 'mwanamuke muzuri'," ananiambia, "itakuletea wa ng'ambo. Iambie yote: amevaa nini, jua linatoka wapi, mukono unafanya nini." Shule yangu unaijua, iliishia mwaka wa tano. Nilikuwa naandika na kuomba Mungu. Mashine ikanipa ziwa letu na minazi ya pwani. Ikanipa mama wa vidole saba anauza ndagala, samaki wetu wadogo, kila moja kubwa kama mbuzi. Solange akacheka mpaka akakaa chini: "Mama Plamedi, hiyo ndagala moja inajaza behewa!" Nikacheka na mimi. Kisha nikakasirika, kwa nini nimecheka naye.

Nilipoanza kujua, nikatengeneza yako bila kumuambia. Nikaiagiza mashine: anacheka, amefunika mudomo na kikwembe. Nilirudia, sijui mara ngapi. Ya mwisho nikaona ni wewe kabisa, mabega yanatikisika, macho umefunga. Nikakimbia nayo kwa mama yako, Solange asije akanitangulia kumaliza yake.

Mama yako alishika telefone na mikono miwili. Akaangalia. Akasema polepole: "Mutoto wangu analia. Huko aliko, analia."

Feza...

Niliangalia tena, kwa macho ya mama yako sasa, nikaona. Mashine haijui muntu anayeficha kicheko. Mwanamuke mwenye nguo mudomoni na mabega yanayotikisika, kwake ni kilio. "Hapana, mama, anacheka," nikasema. Akanijibu: "Niliyemuzaa, simujui?" Siku ile hakula kitu.

Solange njo alimutuliza, si mimi. Tulipotoka inje nilijua atanitukana, nikamutangulia: "Na weye pia ulidanganya! Feza hakucheka mudomo wazi hata siku moja."

Akasimama. "Meno, ni mashine iliyaweka, nimeshindwa kuyaondoa. Lakini kucheka vile, ni yeye."

Akafungua telefone yake. Si IA, Feza. Ni video aliyokuchukua mwenyewe, sekunde chache tu: wewe kwenye lile jiko, unga mukononi, unacheka mpaka koo linaonekana. Jino lako lililovunjika liko pale, kila muntu alione. Na mukono wako uko chini.

Kwa nini yeye? Miaka yote ile na mimi, kwa nini yeye?

Kesho yake nilikuwa nafua pale kwenye mawe yetu ziwani, nikaelewa, ao nafikiri nimeelewa. Tulikuwa watoto, tunagombania ndoo. Mimi njo nilikusukuma, jino likagonga jiwe. Ukaenda nyumbani na damu mudomoni, ukaambia mama yako, "Niliteleza," na hukubadilisha neno hilo hata siku moja. Labda haikuwa aibu. Labda ulikuwa unafunika ili mimi nisione nilichofanya. Mbele ya Solange hukuwa na muntu wa kuhurumia.

Kama ni vile, asante. Lakini wivu haujaisha, usijidanganye.

Siku ya matanga tulionyesha zile sekunde chache vile zilivyo. Mashine tuliiachia tu kuunganisha picha zingine. Mama yako alicheka, mara ya kwanza tangu uende. Neema akashika jino lake jipya, akauliza: "Mama alivunjika wapi?" Wakamujibu aliteleza. Mimi nikanyamaza.

Sasa ninafanya kazi na Solange. Juzi mama mumoja wa kusuka nywele alitulipa kwa video yangu, vidole vitano kila mukono, na nikamununulia Plamedi viatu. Nitafika, utaona.

Lakini kwanza, ahadi. Jumapili hii, tukitoka misani, nitapeleka Neema na mama yako kwenye yale mawe, na nitawaambia nani alisukuma. Wakinichukia, wanichukie.

Lala salama, Feza. Na siku nitakuja huko, ucheke mbele yangu na mimi, mukono chini.

Wako wa ndoo moja,
Mama Plamedi