Siwezi Kulalamika

Jumatatu, 8 Januari

Nimerudi na hasira, hata koti sijavua. Kliniki ya tiba ya viungo. Yule binti wa mapokezi, mpole, meno meupe, ananiambia leo tunalipa kila kitu wenyewe. Nikamwuliza, kwani bima imekufa? Haijakufa, mama, ni mwaka mpya tu.

Mwaka mpya! Mwaka jana tulitoa kile kiasi cha mwanzo — kile ambacho mpaka ukimalize kutoka mfukoni mwako ndipo bima inaamka na kuanza kulipa. Tulikimaliza Novemba, Wendell alipowekewa goti la chuma. Nikajidanganya kwamba tumeshavuka mto. Kumbe kila tarehe mosi Januari wanakurudisha ng'ambo ulikotoka. Goti lenyewe halijui kwamba mwaka umebadilika. Linauma vilevile.

Wendell, ndani ya gari: "Ndivyo ilivyo." Mume wangu huyo. Nyumba ikiungua atasema angalau tumepata joto.

Naandika hapa, maana nikisema kwa sauti nitavunja sahani. Wendell anaendesha basi la shule. Mwisho wa Februari wanampima: apande na kushuka ngazi za basi, kisha amburute mtu mzima mpaka mlango wa dharura. Asipoweza, kazi hakuna. Kazi ikienda, na bima inakwenda, maana bima ni ya kazini. Goti linangoja bima, bima inangoja kazi, kazi inangoja goti. Aliyebuni mpango huu hajawahi kuteguka hata kidole.

Jumatano, 10 Januari

Baridi ya kukata pua. Gari limewaka kwa shida.

Kendra, mtaalamu wake wa viungo, ana umri wa kuwa binti yetu. Alilikunja goti mpaka nikaona Wendell anauma shavu kwa ndani. "Vipi hapo, mzee?" "Poa tu." Jasho linamtiririka, na huko nje maziwa yote ya jimbo letu la Minnesota yamekuwa barafu.

Nyumbani anashuka ngazi kwa makalio, kama mtoto. Akidhani niko chini kwenye mashine ya kufulia, ndipo anaguna. Nikitokea, anapiga mluzi.

Halafu hili. Leo nimegundua kwamba mwenye bima anatozwa zaidi kuliko asiye na bima anayelipa taslimu. Nikasema basi na sisi tulipe taslimu. Yule binti wa meno meupe: sawa mama, ila hiyo haihesabiwi kwenye kile kiasi cha mwanzo. Yaani ukichagua nafuu unabaki palepale. Nilicheka peke yangu kwenye maegesho. Mtu mmoja akafunga mlango wa gari lake haraka.

Ijumaa, 12 Januari

WAMEKATAA.

Kendra aliwaomba vipindi zaidi, vya kutufikisha Februari. Bima imejibu hapana. Nikapiga simu. Bonyeza moja, bonyeza nne, muziki, muziki, simu yako ni muhimu kwetu. Nimekata vitunguu, nimepika supu, tumekunywa supu. Bado muhimu.

Hatimaye akatokea dada mmoja, Yolanda, sauti imechoka. Akasema tiba si ya lazima tena kwa sababu mgonjwa amepona.

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe, mama."

Akanisomea. Kabla ya kila kipindi Kendra humwuliza hali yake, na maumivu ni ya kiwango gani, toka sifuri, yaani hakuna, hadi kumi. Kila kipindi jibu ni lile lile. Mgonjwa anasema hajambo. Anasema hawezi kulalamika. Maumivu: moja. Mara moja alisema sifuri. Siku hiyo mimi ndiye niliyemvalisha soksi.

Nikakata simu bila kuaga. Sijawahi kufanya hivyo maishani. Baadaye nikaona aibu, si kosa la Yolanda.

"Umesema sifuri, Wendell?"

"Aliniuliza hali, nikamjibu."

"Alikuwa anataka kujua!"

"Ulitaka nimlilie mtoto wa watu? Ana kazi zake."

Ndio watu wetu hawa. Baba yake, mashine ya mahindi ilimla vidole viwili. Akaingia ndani, akaomba kitambaa, akauliza kama chakula kiko tayari. Babu yake alikata roho akisema "si vibaya." Hapa kwetu kulalamika ni kama kutoka nje bila suruali. Ukisema unaumwa, watakuzungumza kanisani wakinywa kahawa mpaka theluji iyeyuke. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwa Wendell bima imekiwahi kifo. Malezi mema yote yale, na wao wameyachukua na kutuchapa nayo. Nimekasirika mpaka masikio yanalia.

Jumanne, 16 Januari

Tumekata rufaa. Kendra amempima upya, safari hii kwa kifaa cha kupima pembe ya goti, si kwa mdomo wa Wendell. Akanivuta pembeni. "Mimi naandika ninachoambiwa, mama. Namwona anavyokunja ngumi, lakini ngumi haina pa kuandikwa. Nisamehe." Nikamwambia hakuna neno. Ona, na mimi tena! Neno lipo, tena kubwa.

Nesi wa bima atapiga simu Alhamisi ya wiki ijayo. Anataka kumsikia Wendell mwenyewe. Aseme ukweli tu, anasema Kendra. Tu.

Jumamosi, 20 Januari

Leo tumefanya mazoezi ya mdomo. Jikoni. Mimi nesi, gazeti nimelikunja mkononi.

"Habari yako, bwana Haugen?"

"Nzuri tu."

Gazeti la bega.

"Unaumwa kiasi gani?"

"Kidogo, si sana."

Gazeti.

"Nesi gani huyu anapiga wagonjwa?"

"Wa bima."

Akacheka. Nami nilikaribia kucheka. Mlango ukagongwa, ni Orrin, jirani, amekuja na mashine yake kutuondolea theluji njiani. "Goti vipi, mzee?" Na Wendell, ameegemea mlango, mguu mmoja hewani kama korongo: "Kama jipya." Orrin akaenda zake amefurahi.

Nikalitupa gazeti ukutani. Nikapiga kelele ambazo bila shaka Orrin alizisikia licha ya mngurumo wa mashine. Nikamwambia utapoteza kazi kwa adabu! Utatuua kwa adabu! Nani atakuzawadia, goti?

Akakaa. Akavuta kikombe chake. Kisha akasema, akiitazama kahawa, "Nikishuka ngazi naogopa, Lorna."

Nikavuta kiti.

"Siogopi kuanguka. Nawaza basi limejaa moshi. Na kale katoto kanakokaa nyuma yangu, kenye kofia ya masikio, kananiita. Na goti limekataa."

Miaka yote ya ndoa sijawahi kumsikia akisema anaogopa. Sikujua niweke wapi mikono yangu. Nikamwongezea kahawa. Nikamwambia hivyohivyo, mwambie nesi hivyohivyo, usibadilishe kitu.

Hasira yangu kwake imekwisha. Ya bima ndiyo kwanza inaiva.

Jumatatu, 22 Januari

Hakuna jipya. Kanisani jana watu kumi wamemwuliza goti. Watu kumi wamejibiwa. Nilihesabu huku nimeng'ata midomo.

Amefanya mazoezi peke yake sebuleni, kwa kamba ya mpira aliyopewa na Kendra. Si sawa na mikono ya Kendra, hata yeye anajua. Leo kwenye ngazi alijaribu kushuka kwa miguu. Akafika ya tatu, akakaa.

Alhamisi, 25 Januari

Naandika huku simu iko mezani, spika imewashwa, muziki unapiga.

Nesi alipiga kama walivyoahidi. Sauti nzuri, huko aliko lazima kuna jua. "Habari yako, bwana Haugen?" Wendell akafungua mdomo, akaufunga. Akanitazama. Kisha:

"Si nzuri."

Nilishika ukingo wa meza. Akaendelea! Maumivu ni saba, akasema, usiku nane. Soksi navalishwa. Ngazi nashuka kwa makalio. Akamweleza na basi, moshi, kofia ya masikio. Shingo yake ikawa nyekundu mpaka kwenye nywele, na kila neno lilimtoka kama jino. Nesi hakumkatiza, tulimsikia akichapa tu. Ningeolewa na Wendell upya pale pale.

Mwishoni nesi akasema, "Asante kwa kuniambia kweli, mzee. Na mama yupo? Wewe unayeishi naye ndiye ninayekutegemea. Mnaendeleaje hapo nyumbani?"

Mimi sasa. Mwenye gazeti. Tangu mwaka uanze nimekuwa nikichemka kama birika, na kila neno lilikuwa tayari ulimini. Kile kiasi cha mwanzo, bei mbili, muziki wao, vidole vya baba mkwe.

"Ah, hatujambo," nikasema. "Tunajikaza. Wapo wenye shida kutushinda."

Nikamsikia anachapa.

"Hapana, nesi, ngoja, hiyo usiiandike—"

"Subiri kidogo, mama, nizungumze na daktari wetu."

Muziki. Ule ule wa siku ile ya supu. Simu yako ni muhimu kwetu. Sithubutu kusogea hata kuzima jiko.

Wendell ameinuka taratibu, mkono mezani, akaenda kuliokota lile gazeti kwenye kikapu cha kuni. Amerudi, amekaa mbele yangu.

Analikunja.