Valvu, Transista na Ng'ombe wa Amos

Jumapili, 2 Juni 2024

Godwin wa Sirari amekuja baada ya ibada na maboksi mawili. Ameondoka, manukato yake yamebaki kwenye mapazia. Nimefungua madirisha yote. Hayatoki!

Priamp ya baba iliungua mwezi uliopita, umeme uliporudi kwa kishindo. Bila hicho kisanduku, sindano ya santuri inanong'ona tu na amplifaya haipati kitu cha kukuza. Sasa Godwin ametuachia viwili tujaribu, tuchague kimoja. Kimoja ni cha valvu, zile taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa. Kingine ni cha transista — bati jeusi, hakina sura. Cha transista baba anakimudu kwa pensheni. Cha valvu kinataka ng'ombe.

"Mzee, hii ya valvu ni original, inaimba ni kama mtu," Godwin alisema. "Hii ingine ni ya maofisi."

Alikuwa hajachomeka hata waya mmoja. Mtu anayekwambia utakachosikia kabla hujasikia ni kama anakutafunia chakula kisha anakupa.

Baba akanigeukia. "Mama, wewe ndiye masikio yangu." Ananiita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake, Mokami. Na ni kweli, sauti nyembamba za juu hazisikii tena. Nina digrii, napima damu za watu kituo cha afya, na nyumbani kazi yangu ni hiyo: masikio.

Ng'ombe gani? Wa Amos, mchumba wangu. Hatuna wengine. Wako bomani kijijini tangu Desemba, mahari yangu. Mama amekasirika: ng'ombe wa binti ni wa kumwoza kaka yake, si wa redio! Baba akasema Steven bado yuko chuo Musoma, hana haraka ya mke.

Mimi sikuulizwa. Nilikuwa naondoa vyombo mezani.

Jumatatu, 3 Juni 2024

Nimetoka kazini, nimesikiliza zote mbili kwa santuri moja, ile ya litungu, ala yetu ya nyuzi.

Transista: safi. Kila uzi peke yake, kama maabara iliyotoka kupigwa deki. Valvu: inavuma kwa nyuma. Inataka kupashwa moto kwanza. Umeme ukikatika — na umekatika — unaanza kungoja upya. Kwa kipimo chochote nilichofundishwa, transista ndiyo bora.

Halafu mpigaji akavuta pumzi kabla ya kuimba. Kwenye valvu pumzi ile ilitoka kifuani mwa mtu. Kwenye transista ipo pia, lakini mtu mwenyewe yuko nje ya nyumba.

Najichukia. Kitu chenye kasoro zote hizo, na mwili wangu umekikimbilia. Nilimkubali Amos kwa vipimo. Ana nyumba, hanywi, anasali.

Jumatano, 5 Juni 2024

Amos amekuja kutoka Nyakunguru, anakonunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo. Mama alimkaangia nyama. Akala vizuri, akasifu. Kisha, hajanawa mikono, akachukua santuri mezani na kuishika katikati ya mistari. Dole gumba lote limebaki pale, mafuta yanang'aa! Baba akatazama pembeni. Ni mkwe.

Tukasikiliza. Yeye akaongea juu ya muziki mwanzo hadi mwisho, kijiti mdomoni. Akamwambia baba achukue valvu, ng'ombe si yupo, ng'ombe ni wa kutumika. Alipenda zile taa. Hakuuliza zinafanya nini.

Kisha, kwa sauti ya mtu anayeagiza chai: "Huyu nimeshamwombea ruhusa kwa daktari mkuu wake wa kituo. Tukifunga ndoa Agosti anaacha kazi."

Nikauliza ameniombea lini.

"Wiki iliyopita. Daktari hana neno."

Daktari hana neno! Nimeonana na daktari kila siku wiki nzima, ananisalimia, anacheka, anajua. Mama alitazama sahani. Baba alikuwa amesogea karibu na spika. Sijui kama alisikia.

 

Alhamisi, 6 Juni 2024

Sitaki kuolewa na Amos.

Nimeliandika ili nilione.

Nikikataa, ng'ombe wanarudishwa, wale wale aliowaleta. Wakiwa kamili, baba ataona aibu, wazee watafoka, halafu yataisha. Mmoja akishauzwa, baba atatafuta wapi wa kufidia? Hataniacha nikatae. Atanikumbusha kwamba nilisema ndiyo mbele ya wazee, na atakuwa sahihi.

Kwa hiyo ni hivyo. Valvu ikinunuliwa, nimeolewa.

Jumamosi, 8 Juni 2024

Baba mwenyewe ndiye aliyetaka mtihani. Tufunike maboksi yote kwa kitenge, yeye ageuke ukutani, mimi nibadilishe waya, atachagua bila kujua. Alifurahi kama mtoto. Mama akamtania kwamba atachagua feni.

Nikapiga ya kwanza. Nikapiga ya pili.

Hakungoja wimbo uishe. "Ya pili, mama. Ya pili! Kwani hata mimi nimesikia."

Ya pili ilikuwa valvu.

Nilizima kwanza, taa zife chini ya kitenge. Nikamwambia baba, "Ya pili ni transista, tata."

 Akacheka kwa haya, akasema basi bati jeusi limeokoa ng'ombe. Mama alipiga makofi. Hakuna aliyefunua kitenge kuhakiki. Nani angefunua? Mimi ndiye masikio.

Uongo wenyewe ulitoka safi. Hilo ndilo linalonitia kinyaa. 

Jumapili, 9 Juni 2024

Godwin amekuja kuchukua valvu yake. Amenuna. Alimwambia baba, "Mzee, umenunua kalkuleta."

Ng'ombe wote wako bomani. Sijamwambia mtu yeyote neno lolote.

Jumanne, 11 Juni 2024

Jana baba alipiga santuri ile ile, akaikatiza, akairudia. Akaipangusa. Akahamisha spika. Nikiwa jikoni nilimsikia akimwambia mama kwamba masikio yake sasa yamekwisha kabisa, Jumamosi yalimdanganya, santuri apewe Steven au ziuzwe. Mama akasema uzee ni uzee. Nami nikamenya viazi! Nikamenya vyote, hata vya kesho.

Ameanza kusikiliza bila kuketi. Anasimama katikati ya sebule kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Hayo nimeyafanya mimi, si Amos.

Leo nimerudi kutoka kazini nikamkuta ameketi. Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia, akaniambia nikae. Mama alikuwa mlangoni na ungo wa mchele. Santuri ilikuwa inalia, ameipunguza sauti.

"Mama," akaniambia, "hiki sicho nilichosikia Jumamosi."

Nikainama kufungua viatu vyangu vya kazi.

"Sikuulizi habari ya redio. Nakuuliza habari ya ng'ombe: Amos amekufanya nini?"

Nikasema nasikia baridi, nakwenda kuchukua sweta. Niko chumbani. Naandika haraka. Mama ameacha kupepeta. Santuri imefika mwisho, sindano inakwaruza pale katikati, chaka, chaka — na baba, ambaye hajawahi kuiacha sindano itembee bure hata siku moja, hajainyanyua.

Sweta nimeshavaa, nakwenda kumjibu.