Kofia ya Gari Haikuwa Beseni

Papa,

Nella amelamba kofia ya gari sasa hivi. Niligeuka tu kukamua kitambaa kwenye ndoo, kurudi nikamkuta amesimama juu ya lile godoro lako la zamani, kichwa chote kimeingia ndani ya kofia, analamba kitambaa cha ndani kama mbuzi aliyeona chumvi. Nikamvuta mguu. Akaniangalia bila woga wowote, akasema, "Mama, iko na fanta."

Tangu tukuzike naosha hicho kitambaa. Nimekipiga brashi, nimekikausha kivulini, nimekinusa mpaka pua ikachoka, nikaamini imetoka. Na mtoto wa miaka mitatu ameipata kwa ulimi. Nilitaka kumpiga. Badala yake nikamfuta mdomo, nikampa mkate, nikakaa kwenye kigoda chako karibu na meza ya kazi na kuchukua karatasi. Nisipokuambia wewe, nitaenda kumwambia Papa mudogo, mdogo wako, na kwa jinsi ninavyowaka leo, majirani wote wa Kanyosha watakuja kutuamua.

Mvua zimekaribia, Papa. Mzee wa Kiriri anakuja leo mchana kuchukua kofia yake.

Ungekuwepo, ingekuwa siku ya kufurahi. Kila mwaka ilikuwa hivyo. Mvua zikiisha, Mzee anashuka kutoka Kiriri na kale kagari kake ka kijani ka viti viwili, mnafungua vile vyuma vya kukamata kofia, lile paa lake la kuvuliwa, wewe unashika upande mmoja na mi upande wa pili, tunainyanyua pamoja. Yeye anaondoka na gari wazi, upepo unamchezea upara, anaenda zake ziwani kama kijana anayefuata mchumba. Kofia inabaki kwetu mpaka mawingu yarudi juu ya milima. Kwake garaji imejaa jenereta na mizigo ya watoto wake walioko Ulaya. Kwetu kuna mbao nzito za juu, na kulikuwa na wewe.

Mi najua kuitunza. Ulinifundisha, na hakuna mtu mwingine uliyemfundisha. Kofia hailali kwenye simenti. Haifunikwi na plastiki, maana joto la hapa litaifanyia ukungu ndani, inafunikwa na shuka ya pamba iliyochakaa. Inaning'inizwa kwa mikanda minne, ile ya usalama uliyokata kwenye magari yaliyokufa, ukaishona mwenyewe, kwa sababu mnyororo unakwaruza na kamba ya nailoni inalegea. Mpira wa pembeni unapakwa gliserini kidogo, kwa kidole, si kwa kitambaa. "Bati linasamehe," ulikuwa unasema. "Mpira hausamehe." Na kabla ya kuiinua ulikuwa unapitisha kiganja chako chote juu yake, polepole, kama unavyompima mtoto homa.

Halafu tunakula ndagala wa ziwani kwenye sahani moja na mikono myeusi. Nikilalamika, unasema mafuta ya injini ni vitamini, angalia mi sijawahi kuumwa.

Uliniambia hivyo mpaka wiki ile ulipoumwa.

Sasa nikuambie walichofanya, kwa sababu najua hakuna mtu amekuja kukuambia huko kaburini. Wanakuja na maua, wanasema mambo mazuri, wanarudi.

Ilikuwa siku ya guca ku mazi, vinywaji vya baada ya mazishi. Unaijua siku hiyo kuliko mi, umeisimamia kwa watu wangapi. Mpaka vinywaji vya siku hiyo vinywewe, mufiwa hagusi kazi. Hashiki jembe, hashiki nyundo, hashiki hata ufagio. Kwa hiyo mi nilikuwa nimekaa kwenye mukeka pamoja na wamama, kanga kichwani, Nella mapajani, naona garaji yako kupitia mlango kama mtu anayeangalia nyumba ya jirani.

Watu walikuja wengi. Ungefurahi. Walikuja hata wale uliowatengenezea milango ya magari wakakukimbia bila kulipa. Viti vikawa havitoshi, jua likawa kali, na Papa mudogo, ndugu yako wa tumbo moja, akasema watu waingie garajini kwenye kivuli. Na ili watu waingie, lazima kofia ishuke.

Niliona vijana wanafungua mikanda. Hawakujua upande gani unaanza. Waliishusha kwa kelele kama wanashusha kabati, wakaitoa uani, wakaipindua juu chini. Nikafikiri wanaiweka tu pembeni. Nikasema moyoni, sawa, kesho nitaigeuza.

Papa, waliijaza barafu.

Barafu ya soko la samaki, mifuko na mifuko, wakaimwaga ndani ya kofia ya Mzee, wakapanga chupa za bia upande mmoja na fanta upande mwingine. Mtu mmoja akacheka, akasema, "Fundi huyu alikuwa mutu kweli. Amekufa na bado anatupatia frigo." Wote wakacheka. Mwingine akaweka kreti juu ya ukingo, akaiburuta kofia nzima kwenye simenti. Nikasikia ile sauti. Nilikuwa mbali, kuna wimbo wa kanisa unaimbwa, na bado niliisikia sauti ya simenti ikipita kwenye rangi.

Nilisimama. Wamama wakanikamata kanga. "Mama Nella, ikaa. Mufiwa hatembeetembee." Nikasema, "Ile kintu iko ya wenyewe." Mmoja akanipapasa mgongo, akasema, "Usiangalie vitu, binti yangu. Vitu ni vya dunia. Lia." Basi nikalia. Wakafikiri nakulilia wewe. Siku ile, Papa, nisamehe, nilikuwa nalilia mpira wa pembeni.

Jioni walipoondoka, ndani mlikuwa na maji ya kahawia, vizibo, chupa moja ya fanta ya machungwa iliyopasuka, na sisimizi tayari wamepata habari. Kitambaa cha ndani kimevimba. Mpira umepasuka pale kreti ilipokaa. Na juu ya rangi ya kijani kuna mkwaruzo unaoanzia karibu na kioo cha nyuma mpaka mbele, mrefu, mweupe.

Nilimwambia Papa mudogo. Akaangalia, akanyonya meno, akasema, "Si beseni tu. Utaipangusa."

Nimeipangusa. Nimefanya kila kitu ulichonionyesha na vingine nimebuni. Nimebandua kitambaa pembeni ili upepo uingie, nimekirudisha kwa gundi yako ya kopo la bluu. Mpira nimeushona kwa uzi wa viatu kisha nikapaka gliserini, na ukipitisha kidole haraka hausikii. Nimeiinua mwenyewe na mikanda, upande huu kidogo, upande ule kidogo, Nella ananiambia "vuta, Mama, vuta" kama boss. Inaning'inia sawa. Ungeingia ghafla ungesema sawa. Lakini ule mkwaruzo uko pale, Papa. Haufutiki kwa gliserini.

Hayo yote bado ningeyavumilia. Kilio ni kilio, watu wanaharibu vitu. Ninachokuandikia ni cha asubuhi.

Asubuhi Papa mudogo amekuja amevaa koti, lile la harusi. Anajua Mzee anakuja. Ameingia garajini, ameizunguka kofia mikono mgongoni kama polisi, halafu akaniambia kwa sauti ya upole ambayo sijawahi kuisikia kwake:

"Mama Nella, tutamwambia Mzee ni marehemu aliiangusha. Kabla ya kugonjwa. Mikono ilikuwa inaanza kutetemeka, akaiangusha."

Nikamwuliza, "Papa hakuangusha kitu. Kwa nini tuseme hivyo?"

Akasema, "Sasa nani atamushitaki maiti? Mzee atahuzunika, atafunga mudomo. Lakini ukisema ni kwenye kilio, ni mi kichwa ya familia nitaonekana mujinga. Mutu mwenye amekufa hana haya, binti yangu. Mwenye kubaki njo yuko na haya."

Halafu akakaa kwenye hiki kigoda nilichokalia, akaweka mkono juu ya meza yako, akaongeza: "Nisaidie hilo neno moja. Na mi, siku ya kumaliza kilio, mbele ya familia yote, nitasema garaji ibaki kwako. Usiponisaidia, kuna mama wa makaa anaitafuta iwe depo ya magunia yake. Amua."

Nilichukua ndoo na kitambaa. Amefikiri nimekubali. Amekwenda kukaa mbele ya lango na koti lake, anasubiri.

Unaona alichonifanyia? Ametia mkono kwenye kitu kimoja ninachokitaka. Anajua kwamba baba yake Nella yuko Zambia bado anatafuta, anapiga simu, anasema vumilia kidogo. Anajua mi niliacha shule kabla ya kumaliza, na kwamba nikitoka kwenye hii garaji sina mlango mwingine ulio na jina langu. Anajua pia Mzee ana rafiki zake kule Kiriri wenye magari ya namna hiyo, ambao kofia zao zinaoza kwenye veranda, na kwamba Mzee alisema siku moja mbele yetu atawaleta. Mi nimeshaona kichwani mbao hizi zimejaa, kofia tatu, nne, zimevaa mashuka kama watoto wa komunyo ya kwanza. Nimeshaona hata kibao mlangoni.

Na wewe, Papa. Acha nikuambie na wewe, maana hasira yangu haitoshi kwa mtu mmoja.

Neno analoniuzia Papa mudogo ni neno wewe ungeweza kunipa bure. Mara ngapi watu walikaa hapa, wazee wa mtaa, watu wa kanisa, huyo huyo ndugu yako, wanakuona unanipa upande wa pili wa kofia kushika? Ungesema tu: huyu binti anaijua kazi, nikiondoka garaji ni yake. Ingetosha. Kwetu neno la baba mbele ya watu linasimama miaka. Badala yake walipokuuliza nani atarithi, ulicheka, ukasema, "Mi bado sijakufa." Ukanifundisha mikanda, gliserini, shuka, vyote, halafu ukafa kiangazi katikati na kofia ya mtu inaning'inia, na mi natakiwa kuomba kwa mtu asiyejua hata upande gani unafunguliwa kwanza. Nimekukasirikia. Nikipita na shuka yako ya kazi ile inayonuka petroli, nashindwa kuchagua kama niikumbatie au niitupe.

Sijaitupa.

Na sasa wanataka nikuangushie kofia. Wewe. Miaka yote hiyo, hata kikombe hukuvunja ndani ya hii garaji. Mikono yako haikutetemeka, hata mwisho. Siku ya mwisho hospitali ulishika kidole cha Nella, ukakipima kama unavyopima bolti, ukasema, "Hiki ni namba nane." Nesi alicheka. Mi niliiona ile mikono. Ilikuwa imetulia kama meza.

Mzee akisikia uliiangusha, hatasema kitu, hilo Papa mudogo amesema kweli. Atapanda Kiriri na kofia yake. Lakini kila kiangazi akishuka ziwani, akigeuza kichwa, ataona ule mkwaruzo na kusema, masikini fundi, mwishoni alikuwa ameshazeeka mkono. Atawaambia rafiki zake hivyo kwa huruma. Na mi nitakuwa nimekaa hapa chini ya mbao zako, na garaji yangu, nimeilipa kwa mikono yako.

Apana, Papa.

Labda garaji itakwenda kwa mama wa makaa. Labda siku ya kumaliza kilio Papa mudogo atasimama na koti lake aseme huyu mtoto hana heshima, na wazee wataitikia. Naogopa, sitakudanganya. Nimepanga hata pa kuning'iniza mikanda kama nitafukuzwa, kwa dada wa kanisani mwenye veranda yenye mbao, si nzuri sana lakini kofia moja itakaa. Mtu mwenye mikanda na anayejua kufunga hawezi kulala njaa. Nitaanza na moja. Na nitamwambia Mzee mpira mpya nitautia mi mwenyewe, na rangi kuna fundi wa kule Rohero aliyekuwa anakuheshimu, atanionyesha. Akikataa, akatae akiwa anajua ukweli.

Nella amemaliza mkate. Ameanza kunivuta kalamu. Kwa hiyo nikuage sasa, kabla sijaanza tena kukugombeza. Pumzika, Papa. Mgongo wako ulikuwa unauma kila jioni na hukukaa chini hata mara moja, basi lala vizuri, hakuna gari lolote linalokusubiri. Hasira yangu juu yako nitaibeba mi, itapungua, usijali. Mjukuu wako sitamfundisha kukulilia tu. Nitamfundisha upande wa pili wa kofia, na nitasema mbele ya watu kwamba nimemfundisha.

Na leo nakuahidi hivi: sitangoja Papa mudogo afungue kinywa. Mzee akiingia nitamsalimu, nitamleta mpaka hapa, nitaondoa shuka na kumwonyesha mkwaruzo kwa kidole changu kabla hajauona, na Papa mudogo awe amesimama papo hapo anasikia. Honi hiyo. Papa mudogo anaita, "Mama Nella, kuja ufungue, Mzee yuko kwenye lango," na sauti yake bado ni ile ya upole. Naja. Nitamwambia, Mzee, siku kofia yako ilipoharibika, baba yangu alikuwa ameshazikwa.