Bia ya Bibi Nanuli

Rockville, Maryland
8 Septemba 2024

Shikamoo Baba,

Mguu unaendeleaje? Mama mdogo aliniambia umeanza kutembea bila fimbo, nikamshukuru Mungu. Mimi mzima, baridi bado haijaanza.

Nimepata kazi mpya. Namtunza bibi wa miaka themanini na tano, Bibi Nanuli, anayeishi na binti yake Lali. Anatoka Georgia. Si ile ya huku Marekani, Baba, ni nchi kabisa, iko juu ya Uturuki. Siku ya kwanza alinikatalia uji, nikamwogopa. Kumbe ni mwandishi mkubwa! Kitabu cha mashairi alikitoa akiwa na miaka ishirini na miwili, riwaya ikafuata, halafu mwaka 1973 akaandika mchezo wa kuigiza kuhusu mwanamke anayeuza tiketi stesheni ya treni. Wakubwa wa Kisovieti wakaupiga marufuku kabla haujaigizwa hata mara moja. Marehemu mumewe, kwa woga, akaitia sehemu ya mwisho kwenye jiko ikaungua. Miaka kumi hakuna aliyethubutu kumchapisha tena.

Sasa Wageorgia wa hapa wanataka kuuigiza Novemba, na ile sehemu ya mwisho Bibi ameisahau. Mwongozaji anasema ataitunga yeye. Bibi hataki kula. Anasema bora mchezo ufe naye kuliko kumaliziwa na mtu mwingine. Wewe uliyetuandikia michezo ya shule miaka yote ile, niambie, nimsaidieje?

Mwanao,
Elieth


Machame
21 Septemba 2024

Marahaba mwanangu,

Huku wazima, na mguu sasa unanisikia. Mdogo wako Vumilia amenisomea barua yako kwenye simu mara mbili, maana mara ya kwanza alikuwa anaruka mistari.

Usimhoji huyo bibi. Wa kumhoji alishawaona wa kutosha. Unajua kwetu mzee hasemi neno la maana mikono mitupu. Mtilie pombe yetu ya mbege kwenye kata ya kibuyu, mpe kwa mikono miwili, sema jambo jema juu yake, kisha nyamaza. Najua kunyamaza ndiko kutakuwa kugumu kwako, tangu mtoto ulikuwa hivyo.

Nijulishe.

Baba yako


Machame
2 Novemba 2024

Mwanangu Elieth,

Salamu. Mwezi na zaidi hujaandika. Vumilia anasema huenda umefukuzwa kazi kwa ushauri wangu. Nimemwambia anyamaze, lakini na mimi silali vizuri.

Baba yako


Rockville
17 Novemba 2024

Shikamoo Baba,

Nisamehe kimya changu. Nilikaribia kufukuzwa kweli!

Mbege Rockville ningeitoa wapi? Nikanunua bia, nikaitia kwenye bilauri nzuri, nikampa Bibi kwa mikono miwili mbele ya Lali. Nikasema, "Bibi, kwa heshima ya maneno yako."

Akabadilika uso. "Bia? Kwani unanichukia?"

Lali ndiye aliyenieleza. Kwao mtu unayempenda unamtakia heri kwa divai. Bia huinuliwa kwa jina la adui. Baba, nilitamani ardhi inimeze. Nikaanza kuomba radhi, halafu nikakumbuka ulichosema, nikafunga mdomo.

Bibi akaitazama ile bia. Akaanza kucheka. Kisha akasimama mwenyewe, yeye ambaye kila siku namnyanyua, akainua bilauri na kuanza kusema Kigeorgia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. Lali akashika mdomo, analia. Mimi sielewi hata neno, lakini nikawasha simu nikarekodi. Dakika arobaini!

Ilikuwa sehemu ya mwisho ya mchezo wake, bia ndiyo iliyomkumbusha. Yule muuza tiketi anawaandalia karamu wakubwa waliomfunga mwanawe. Anawasifu mmoja mmoja kwa maneno matamu, na bilauri imejaa bia. Wanajua anawalaani, lakini hakuna neno hata moja la kumshtakia. Ndiyo maana waliupiga marufuku.

Wiki zote hizi, nikimaliza shifti, mimi nilikuwa nikirudisha rekodi nyuma, Lali akisikiliza na kuandika, Bibi akisahihisha. Jana mchezo uliigizwa katika ukumbi wa kanisa, kwa maneno yake mwenyewe, neno kwa neno. Bia ilipoinuliwa watu wote walisimama. Wazee wanalia huku wanapiga makofi. Miaka hamsini na mmoja, Baba! Bibi akapanda jukwaani akiwa amenishika mkono, mimi na yunifomu yangu ya kazi, akawaambia, "Huyu ndiye aliyeniletea bia." Ukumbi ulilipuka kwa vicheko na vigelegele. Nina furaha mpaka kifua kinauma.

Mwanao,
Elieth


Machame
25 Novemba 2024

Marahaba mwanangu,

Barua hii nimeisoma mwenyewe, miwani machoni na simu puani, sikutaka mtu aniruke mstari. Nimelia, sioni aibu kukwambia.

Jana baada ya ibada niliwaita majirani nikawahadithia yote. Kisha nikashika kata ya mbege kwa mikono miwili nikamtaja: Nanuli, mwandishi, waliyemnyamazisha wakashindwa. Wote wakaitikia, hata mchungaji.

Mfikishie salamu hizo. Ila mweleze vizuri, mama, mbege nayo ni bia. Huku kwetu ndiyo ya wapendwa.

Baba yako