Kikuku cha Chuma Bwawani Nyansiongo

Mama,

Shikamoo. Naandika nikiwa Nyansiongo, soksi zangu zikining'inia juu ya jiko. Leo nimejifunza kusaka metali chini ya maji, ndani ya bwawa linalonifika kifuani, lenye baridi ya kung'oa meno.

Mong'ina Kerubo, bibi mwenyeji wetu, alikuwa akisugua vikuku vya marehemu mama yake kwa mchanga. Ni ebitinge, vile ambavyo mke wa Kikisii alivaa mguuni alipoolewa, vikilia kila alipopiga hatua. Kimoja kikamponyoka majini.

Odhiambo, mwalimu wangu kutoka Homa Bay, kule ziwani, aliirekebisha mashine ya kusakia metali isilie ikikuta chuma. "Chuma ni takataka tu," alisema. Kwa saa mbili tulipata kipande cha sufuria na mfuniko wake.

"Kwani mnatafuta nini?" Mong'ina akauliza kutoka ukingoni.

"Dhahabu, fedha, shaba," Odhiambo akajibu.

"Nani aliwaambia mama yangu alivaa dhahabu? Hiyo ni chuma, wewe mtu wa samaki!"

Odhiambo akacheka, akabonyeza kitufe. Sasa mashine ikawa inalia kwa kila msumari. Nilichimbua jembe, kisha jembe jingine, na mara ya tisa vidole vyangu vikapita katikati ya duara.

Mong'ina alikipokea. Alikigonganisha kikuku na mwenzake karibu na sikio, akafumba macho.

"Huyo ni mama," akasema. "Anatoka shambani."

Nikakumbuka bangili zako zinavyolia unapokanda unga. Usizivue, Mama. Jumapili nikifika mlangoni nataka kuzisikia kabla hujanifungulia.

Mwanao,
Salim