Bibi wa Marsei Ndani ya Kinanda

Jumanne, 18 Julai 1905

Kinanda kimesema! Si kuimba — kusema! Bwana Fabri, huyu Mfaransa tunayemchujia nta, kafungua sanduku lake. Kachomeka mdomo mpana kama wa tarumbeta, kavisha kitu kama kikombe kisicho na kitako, cha nta hiyo hiyo yetu, kazungusha mpini. Akatoka bibi kizee! Mama yake mwenyewe, wa mji wa Marsei, ng'ambo. Aliongea humo kabla mwanawe hajasafiri.

Siti, mwenzangu wa kuchuja, katoka mbio, sufuria kaiacha motoni. Mimi nimebaki. Maana kisiwa cha Maore ni kwa Wafaransa. Na mdogo wangu Tabu yuko Maore, baharia mmoja kamwona kwenye mashamba ya miwa, mzima. Wauza watumwa walimchukua angali mtoto. Siku zote najiuliza: nikifika huko, nitamdai kwa lugha gani? Sasa nimeipata!

Jumatano, 19 Julai

Bwana Fabri karidhia. Nikimaliza kuchuja, nisikilize. Kiswahili chake ni leta, pima, hapana. Basi bibi anasema, yeye ananionyesha kwa mikono.

Leo nimepata "alé, zu!" Haya, twende, usinicheleweshe! Nimewaambia kuku. Wametoka! Siti kacheka mpaka kakaa chini.

Lakini "tü" — ndiyo "wewe" yao — imenishinda. Herufi alizonifunza marehemu Baba chuoni kwake hazina sauti hiyo. Midomo iwe kama unapuliza moto, ulimi useme "i". Nimeitilia nukta mbili za kwangu mwenyewe. Nimepuliza mpaka mashavu yanauma.

Jumamosi, 22 Julai

Mon pti shu! Ndivyo bibi anavyomwita mwanawe. Bwana Fabri kachora chini kwa kijiti: mboga, majani yamejifunga duara. Mtu mzima na ndevu zake anaitwa mboga!

Nikaiburuta sauti kama bibi: "Tü manj byen, mon pti shu?" Unakula vizuri, kimboga changu? Akacheka sana. Kisha akageukia mto, akapangusa macho. Kwa ishara kanieleza: nasema kama mama yake hasa, hata kikohozi nimekichukua. Na mama keshafariki. Nami sikujua!

Nimemwambia pole. Kwa Kiswahili. Ya Kifaransa sijaisikia bado.

Jumatatu, 31 Julai

Mdogo wangu Mshamu kaja mbio kutoka kijiji cha Mahege. Shikamoo dada, hata kuketi hajaketi. Wamatumbi wameng'oa pamba ya Wadachi! Mahege nao wameng'oa! Yeye mwenyewe kang'oa, kanionyesha tope la mikono. Nimepiga vigelegele! Pamba ile ndiyo iliyotufanya tukaacha mpunga wetu ukaliwa na ndege, mama akalala njaa.

Kisha kaniambia kanywa maji ya dawa, yaliyotoka Ngarambe. Risasi zitageuka maji. Nikamshika mkono. Na zisipogeuka? Akasema dada, zitageuka. Ana macho ya mtu anayekwenda harusini.

Akauliza huyu Mzungu wako, Mdachi? Nikasema Mfaransa.

"Tofauti yao nini?"

Nimesema lugha.

Alhamisi, 3 Agosti

Mji wa Samanga umechomwa na waliokunywa dawa! Wapitao wote wanasema hivyo. Siti karudi kwao. Bwana Fabri hali chakula, anatembea tu ukingoni mwa mto.

Nami — Mungu anisamehe — leo nina furaha. Kikombe cha nta ambacho sijapata kukisikia, nimekielewa chote! Bila mikono. Bibi yuko dirishani, anamgombeza jirani: kila siku maji yako ya samaki mlangoni kwangu, pua huna? Nimecheka peke yangu ghalani. Naweza kwenda Maore. Kweli naweza!

Ijumaa, 4 Agosti

Wamekuja. Wanaume wa Mahege, na Mshamu yumo. Mkubwa wao ni Kondo, mwenye gobori. Wameketi uani kwa adabu, silaha magotini. Kondo kasema: Mzungu aseme yuko upande gani, na wewe Mwanahalima uwe ulimi wake.

Bwana Fabri katokea mlangoni. Kawatabasamia. Akanigeukia, akasema upesi upesi, bila mikono, kama mama yake dirishani. Nikaelewa! Neno kwa neno! Nilitaka kupiga kelele kwa furaha. Kisha maana yenyewe ikaniingia.

Kasema: nimewaita askari wa Wadachi kutoka Mohoro. Mashua yao iko karibu. Waambie mimi ni rafiki, wazungumzishe, wasiinuke hapo walipo.

Na mwisho: nakuomba, sitaki kufa.

"Amesema nini?" Kondo kauliza.

Nikasema anawasalimu, anataka wapewe maji. Nikaingia ndani kama ninayekwenda kuyachota. Niko ghalani. Naandika maana nisipoandika nitapiga yowe.

Si mtu mbaya. Anaogopa. Nikiwaambia kweli, watamuua pale pale kizingitini. Nikinyamaza, mashua itawakuta wamekaa kitako uani, na risasi —

Nasikia miguu. Ni Mshamu, mlango wa nyuma.

"Dada, uso wako nimeuona. Yule hakusema salamu. Amesema nini?"

Nimemvuta ndani. Nimetia komeo. Kaketi juu ya gunia, ananikodolea macho, anangoja. Nje wenzake bado wamekaa. Mmoja kasema jambo, wanacheka, na Bwana Fabri anacheka nao. Nimeufungua mdomo. Naandika badala ya kumjibu. Mtoni kuna mlio wa makasia, au ni —